Ndugu yangu mkubwa anasema umaskini wangu ni kosa langu

Mama, jambo sana.

Ninasoma majibu yako kila mara, leo naomba unisaidie mimi. Nina miaka 38, nimeoa, tuna watoto wanne na tunalea mmoja wa marehemu dada yangu. Tunapanga vyumba viwili mtaa wa Katuba, hapa Lubumbashi, Kongo. Ninafanya kazi kwenye mgodi wa shaba nje ya mji, lakini mimi si mtumishi wa mgodi wenyewe. Tuko chini ya kampuni ndogo ambayo mgodi unaikodisha ilete watu. Kazi yetu ni kusafisha chini ya mikanda inayobeba mawe, kupakia, kusukuma, chochote atakachoonyesha msimamizi. Basi la kampuni linatuchukua saa kumi na moja alfajiri, tunarudi giza limeingia. Huu ni mwaka wa tatu. Tunalipwa kwa siku, franka 15,000, na kwa mwezi ninapata kama siku 22. Kila mwisho wa mwezi tunapumzishwa siku tatu, halafu tunatia sahihi karatasi mpya kana kwamba ndiyo kwanza tumefika.

Shida ilianza mtoto wetu wa tatu aliposhikwa na tifoidi. Nilikopa franka 200,000 kwa mtu wa bank Lambert, yaani mkopeshaji wa riba pale mtaani, riba asilimia 30 kwa mwezi. Miezi miwili nimelipa riba tu, mtaji haujaguswa, na kodi ya nyumba imelala. Mama ya watoto alipoona hivyo akaenda kumwambia ndugu yangu mkubwa.

Mkubwa wangu ana maduka mawili, anapandisha unga na mafuta kutoka Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Ni mtu wa kanisa, hanywi, anajua kupanga mambo. Aliita kikao cha jamaa nyumbani kwangu siku ya Jumapili, watoto wakiwa palepale. Akasema kila mtu hapa Lubumbashi amezaliwa na mikono miwili, kwamba yeye alianza na katoni moja ya sabuni, na mimi nina akili ya kungoja: ninangoja Mchina, ninangoja serikali, na Jumamosi ninakunywa. Akasema ni ugonjwa wa papa, baba yetu. Papa yetu alitumika mgodini miaka mingi, mwaka 2003 akatoka pamoja na wale waliopewa pesa ya kuondoka kwa hiari. Akanunua gari ya taksi, ikafa baada ya muda mfupi, naye akamaliza maisha yake bila kitu. “Papa alikula pesa,” mkubwa akasema, “na wewe unakula siku.”

Kuhusu kunywa sitadanganya. Jumamosi tukishuka kwenye basi ninakunywa chupa mbili na wenzangu, franka 7,000.

Mtoto wa mama mdogo, anayesoma Unilu, chuo kikuu cha hapa Lubumbashi, alinitetea. Akasema sina kosa lolote, ni mfumo wa kibepari, shaba inaondoka na utajiri wake na sisi tunabaki na vumbi. Hata nikiacha pombe na kuweka akiba mpaka nife sitatoka, kwa hiyo hakuna haja ya kuhesabu, na deni la riba nisilipe. Nilifurahi kumsikia. Lakini Jumatatu mwenye deni alikuwa mlangoni.

Mkubwa ametoa sharti: atanipa dola 300 nianze kuuza unga, ila kwanza nikubali mbele ya jamaa kwamba umaskini huu nimeutengeneza mwenyewe, kisha niache mgodi. Wakati huohuo wenzangu kazini, kama watu thelathini, wanataka kuandika barua ya kudai kontra, yaani mkataba wa kazi, na wananitaka mimi kwa sababu ninajua kuandika. Naogopa. Waliojaribu mwaka jana, majina yao hayakusomwa tena kwenye basi.

Usiku ule wa kikao, mtoto wangu wa kwanza, ana miaka 14, aliniuliza: “Papa, ni kweli wewe ni mvivu?” Sikupata neno. Mama, kati ya hao wawili nani ana haki? Na mtoto nimwambie nini? Nimekuandikia mapato na matumizi yetu yote nyuma ya karatasi.

Baba wa Watano, Katuba

*

Papa, jambo sana, na pole kwa ugonjwa wa mtoto.

Nianze na huyo mkubwa wa miaka 14, maana yeye hawezi kungoja mpaka watu wazima wamalize mabishano yao. Mwambie hapana. Mtu anayepanda basi saa kumi na moja alfajiri mwaka wa tatu huu, akarudi usiku, si mvivu. Mwambie leo, kabla hujamaliza kusoma jibu hili. Na mkubwa wako, hata angekuwa na haki katika yote aliyosema, hakuwa na ruhusa ya kumvua baba nguo mbele ya watoto wake. Kikao cha jamaa kina saa yake na watu wake.

Sasa nyuma ya karatasi yako. Nimeisoma kuliko mbele.

Unaingiza franka 330,000 kwa mwezi. Nyumba 110,000. Mifuko mitatu ya unga wa kilo 25, 90,000. Makaa 45,000. Masomo ya huyo mtoto wa miaka 14, 30,000. Usafiri wa kukufikisha kwenye basi la kampuni na kukurudisha, 44,000. Maji na umeme 15,000. Nimejumlisha mara mbili: 334,000. Mshahara umekwisha na umepitiliza, na bado hatujanunua sombe, mafuta, chumvi, sabuni wala ndagala. Hivyo vyote umeandika vinatoka kwenye mikate anayokaanga mama ya watoto, faida ya kama 4,000 kwa siku. Maana yake kila kinachowekwa kando ya bukari, yaani ugali, nyumbani kwako kinalipwa na yeye. Naomba uliweke hilo akilini, nitalirudia.

Chupa zako za Jumamosi ni 28,000 kwa mwezi. Tuziondoe zote, uwe mtu wa maji kama mkubwa wako. 28,000 hazifikii hata nusu ya riba ya mwezi mmoja, ambayo ni 60,000. Kwa hiyo mkubwa ameona kosa la kweli, ila amelikuza mara nyingi kuliko lilivyo. Lingekuwa jambo dogo kama asingelitumia kufunika kitu kingine kikubwa zaidi, ambacho wewe mwenyewe umekiandika bila kukiona.

Wewe unalipwa 15,000 kwa siku. Mwaka 2018 serikali iliweka kima cha chini cha mshahara kuwa franka 7,075 kwa siku. Kikakaa hapohapo miaka. Dola moja wakati ule ilikuwa karibu franka 1,600. Mwaka 2024 ilikuwa imefika karibu 2,800. Aliyekuwa akipata zaidi ya dola nne kwa siku akajikuta na dola mbili na nusu, na katika miaka hiyo sita hakulewa zaidi, hakulala zaidi, hakupoteza akili. Aliendelea kuamka alfajiri ileile, mwenye nyumba akiendelea kuhesabu kodi kwa dola. Mwaka 2025 ndipo kima kikapandishwa: kwanza 14,500, kisha 21,500 kuanzia Januari 2026. Toa 15,000 zako kwenye 21,500. Zinabaki 6,500 kila siku unayoingia mgodini. Zidisha kwa siku 22: franka 143,000 kwa mwezi. Weka 28,000 za bia kando ya 143,000 ambazo hazijafika mkononi mwako, halafu uniambie ni nani alipaswa kuitwa kwenye kikao cha Jumapili.

Lipo lingine, na hili ndilo lililonikasirisha kweli. Kanuni ya Kazi ya nchi yetu, ya Oktoba 2002, kifungu cha 40, inamzungumzia mtu kama wewe, kibarua wa siku kwa siku. Inasema akishafikisha siku 22 za kazi ndani ya miezi miwili, akichukuliwa tena kabla miezi hiyo miwili haijaisha, kontra yake inahesabiwa kuwa ya muda usio na kikomo. Wewe unafikisha siku 22 ndani ya mwezi mmoja. Zile siku tatu za kupumzishwa na ile karatasi mpya hazibadilishi kitu mbele ya sheria, zinabadilisha tu unavyojiona wewe. Miaka hii karibu yote umekuwa mtumishi kamili na hakuna aliyekuambia.

Na mtumishi mwenye kontra, sheria hiyohiyo inamlazimu mwajiri kumtibu yeye na familia yake. Mkewe, watoto wake. Papa, ile tifoidi haikuwa ya kukopea. Deni ambalo mkubwa wako alilitumia kama ushahidi wa akili yako mbovu lilizaliwa kwenye bili ambayo ilitakiwa iende kwenye meza ya kampuni. Uliona mtoto anaungua homa, ukatafuta pesa pale zilipokuwepo usiku ule. Mimi ningefanya hivyohivyo, na mkubwa wako pia.

Kuhusu papa yenu. Sijui alitumikia mgodi gani, lakini historia ya mji huu ninaijua, nimezaliwa ndani yake. Kampuni ilikuwa inampa mtu nyumba, hospitali, shule ya watoto na unga wa mwezi, tangu wakati wa Union Minière, kampuni ya migodi ya Wabelgiji, mpaka Gécamines ya serikali baada ya 1967. Mtu wa namna hiyo hakufundishwa biashara, kwa sababu kampuni ilimtaka mchana na usiku na ilimpa kila kitu ili asitafute kwingine. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilikuwa inatoa shaba zaidi ya tani 400,000 kwa mwaka. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto ukabomoka, mwaka uliofuata ukaja uporaji, na kufika 1994 uzalishaji ulikuwa umeshuka hadi kama tani 30,000. Watu wakatumika miezi na miezi bila mshahara. Mwaka 2003, kwa mpango uliolipiwa na Banki ya Dunia, zaidi ya watumishi 10,000 waliondoka Gécamines kwa kile kilichoitwa hiari.

Fikiria wiki zile. Maelfu ya wazee, Lubumbashi, Likasi, Kolwezi, wanapewa pesa karibu kwa wakati mmoja. Wote wana madeni ya miaka ya njaa, yanalipwa kwanza. Kinachobaki kinanunua kile ambacho kila mtu anakifikiria: taksi, kinu cha kusaga, friji ya kuuzia vinywaji. Taksi zinazidi barabarani kwa msimu mmoja, na abiria ni nani? Ni majirani haohao ambao mshahara wao nao umekatika. Gari la papa yenu lilikosa abiria kabla ya kukosa spea. Mtu mmoja akipoteza pesa zake, tumuulize alifanya nini. Watu elfu kumi wakizipoteza kwa njia moja, katika miji ileile na miaka ileile, ni aibu kwenda kuwauliza mmoja mmoja makaburini walikunywa kiasi gani. Ninaomba mkubwa wako aondoe neno lile juu ya papa. Hilo nalitaka kuliko hata dola 300.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: kupandisha unga kutoka Kasumbalesa si mchezo, na katoni ile ya sabuni ninaiamini. Lakini wewe mwenyewe umeandika nyuma ya karatasi kwamba yeye alimaliza sekondari papa akiwa bado kazini, na kwamba sabuni hizo aliziuza kwenye baraza la nyumba ya papa, bila kodi. Wewe ulikatiza masomo mwaka wa nne, pesa za papa zilipokwisha. Katoni moja ilikaa juu ya baraza, na baraza lilikuwa la mshahara wa mgodi. Sisemi hivyo kumnyang'anya jasho lake. Nasema mikono miwili aliyoitaja ilikuwa na mahali pa kusimama, na yako haikupata.

Je, basi mdogo wako wa Unilu ndiye mwenye haki? Kuhusu shaba, ndiyo, kwa sehemu kubwa. Bei yake inapangwa London, na franka 15,000 inapangwa hapa na mtu anayejua kwamba nje ya geti wako wengine mia wanaongoja nafasi yako. Hilo ni jambo la namna kazi na mali zilivyopangwa, na halitaisha kwa wewe kubadilisha kinywaji. Ila kuna alichokiacha. Kampuni yenu huenda ni ya mtoto wa hapahapa. Sheria ya Februari 2017 ilizitengea kampuni ambazo sehemu kubwa ya mtaji wake ni ya Wakongomani kazi hizi zinazokodishwa na kampuni kubwa kama migodi, ili na sisi tufaidike, na nia ilikuwa njema. Leo anayekukata 6,500 kila siku anaweza kuwa mtu anayeongea Kiswahili chako na kusali kanisa la jirani. Ukisema “mfumo” ukaishia hapo, mtu huyo anapita kando yako kwa amani.

Na hapa ndipo nisipokubaliana na ndugu zako wote wawili kwa pamoja. Mkubwa anasema kosa lote ni lako, kwa hiyo nenda kauze unga peke yako. Mdogo anasema hakuna kosa lako, kwa hiyo kaa nyumbani na usihesabu. Hakuna hata mmoja kati yao aliyekuambia uende na wenzako thelathini kuulizia 143,000. Kampuni ingewapenda wote wawili. Kosa la umaskini huu si lako, lakini kazi ya kudai ni yako, kwa sababu hakuna mwingine atakayeifanya. Mkubwa anaogopa kwamba ukiondolewa lawama utalala. Mimi ninaogopa kinyume chake: mtu anayebebeshwa lawama zote anaona haya hata kuuliza mshahara wake.

Hofu yako ninaiheshimu. Mji huu unajua bei ya kudai. Desemba 1941, vita vikiwa vimepandisha bei ya kila kitu, watumishi wa Union Minière waligoma wakiomba mshahara upande. Wakakusanyika kwenye uwanja wa mpira hapahapa mjini, askari wakawafyatulia risasi. Léonard Mpoyi, msemaji wao, alikuwa kati ya waliouawa. Wajukuu wao wako katika mitaa yetu ya Kenya, Kamalondo, Katuba. Kwa hiyo sitakuambia kwamba anayeogopa ni mwoga. Nitakuambia namna ya kwenda bila kusimama mbele peke yako.

Barua hiyo isipelekwe kwa msimamizi ikiwa na jina lako juu. Kwanza kila mmoja wenu awe na daftari: tarehe ya kila siku ya kazi, saa ya kuingia na kutoka, jina la msimamizi, kiasi kilicholipwa. Zile karatasi mnazotia sahihi kila mwezi zipigwe picha zote, na ya zamani kuliko zote itafutwe hata kwa mwenzenu aliyekwisha ondoka. Bili ya tifoidi itoe mahali ulipoificha. Halafu tafuteni sendika, yaani chama cha wafanyakazi, yenye ofisi hapa mjini iwapokee kama kundi, na watu wawili au watatu, wakibadilishana, waende nayo kwenye Inspection du Travail, ofisi ya serikali ya ukaguzi wa kazi. Mkaguzi ana ruhusa ya kuingia kwenye kampuni na kudai vitabu vya malipo bila kutaja nani alimwita. Ni lazima mpite kwake mkapatanishwe kabla ya kwenda kwenye mahakama ya kazi, kwa hiyo msiruke hatua hiyo. Mkifika kuchagua delege, yaani mwakilishi, wa sendika, huyo sheria inamlinda: hafukuzwi mpaka mkaguzi akubali. Na msikawie. Madai ya mshahara yanakufa baada ya mwaka mmoja tangu siku uliyotakiwa kulipwa, na kila mwezi mnaokaa kuogopa, mwezi mmoja wa nyuma unafutika.

Siwezi kukuahidi kwamba mtashinda haraka. Ofisi zetu tunazijua, na mwenye kampuni ana marafiki. Lakini siku moja au mbili za mkaguzi getini zimewahi kubadilisha karatasi za malipo za watu waliokuwa hawana hata delege.

Kuhusu bia, nilisema nitarudi kwa mama ya watoto. Usiache kwa sababu ya mkubwa. Keti na mke wako umwonyeshe hesabu hii yote, mbele na nyuma, halafu yeye aseme. Mwanamke anayehesabu franka mia mia za mikate ili mboga ipatikane anaumizwa na 7,000 za Jumamosi kwa namna ambayo haihusu uchumi wa nchi. Inawezekana atakuachia chupa moja, maana kukaa na wenzako baada ya wiki ile ya mikandani nako ni kitu, na hao ndio utakaokwenda nao Inspection. Inawezekana atakataa kabisa. Hapo neno ni lake.

Mtoto aketi nanyi. Ana miaka 14, anajua kuzidisha. Mwache azidishe mwenyewe 6,500 kwa 22.

Deni la yule wa mtaani usilikimbie kama mdogo wako anavyotaka. Umekwisha lipa riba 120,000 juu ya 200,000, na kila mwezi inayeyuka 60,000, zaidi ya mara mbili ya bia yako. Hapo ndipo pesa za mkubwa zinahitajika, na si kwa unga. Dola 300 za kuanza kuuza unga Katuba, kando ya wote wanaouza unga Katuba, ni kurudia taksi ya papa. Mwambie hivi, kwa heshima, na bila jamaa kukusanyika: “Mkubwa wangu, sharti la kukiri sikubali, kwa sababu si kweli, nimepiga hesabu, hii hapa. Lakini naomba uniazime kama dola 90 nimalize mtaji wa yule mtu. Nitakurudishia wewe kwa miezi saba, bila riba, tuandike kwenye karatasi.” Riba ikikoma, 60,000 zinabaki ndani: nusu imrudishie yeye polepole, nusu ipunguze kodi iliyolala. Na kama miezi saba itakuwa michache, mwambie mapema, kabla haijafika.

Mgodi usiuache sasa. Ukitoka leo kwa mguu wako mwenyewe, unawaachia miaka mitatu ya kontra bure. Kama ni wao watakaokufukuza, kufukuza bila sababu kuna malipo yake kisheria, na daftari lako litasema.

Kuna ombi moja la mwisho la kumpelekea mkubwa, na ningependa ulipeleke mapema. Yeye ni mtu wa unga. Mwombe kwamba endapo majina yenu hayatasomwa kwenye basi, akupe mifuko mitatu kwa mwezi, miezi miwili, mpaka mkaguzi awaite. Kampuni inategemea njaa ya mwezi wa kwanza ili watu waondoe sahihi zao. Yeye anauza kinachoizuia njaa hiyo, na wenzako ishirini na tisa nao wana wakubwa wao wa kuwaomba.